Vidonge vya Mashavu

Nyinyi mnaoanza kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, mnanijia hapa na soda na biskuti mkitaka niwape siri. Siri gani? Miguu imevimba, mgongo unauma, na geti la jirani likilia tu mimi nashtuka nikidhani kuna mtu ameletwa amefungwa kamba. Hiyo ndiyo pensheni yangu. Lakini kaeni. Soda nimeshafungua, siwezi kuwarudishia.

Mimi ni Kaltuma, Mnubi wa Koboko, nimezeekea Arua. Kazi yangu yote niliifanya katika wodi moja, ile ya mwisho karibu na ukuta, ambayo manesi wa wodi nyingine walikuwa wakiipita mbiombio kana kwamba wazimu unaruka kama kiroboto. Na nikisema nimechoka, msidhani ni wagonjwa walionichosha. Mgonjwa anayepiga kelele unamzoea. Kilichonichosha ni kufichwa. Watu wanaficha, jamani! Mtu amelala kitandani, hajui siku wala jina la mama yake, lakini vidonge alivyonunua sokoni bado anakumbuka kuvificha.

Kwenye ukuta wetu kulikuwa na maneno ya rangi nyekundu: mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Sijui nani aliyaandika. Wagonjwa na ndugu zao walikuwa wakikaa kwenye benchi chini yake, wameegemea hicho kilio chenyewe, na wakiulizwa wanajibu kwa sauti moja kwamba hawajawahi kumeza kitu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Onzima, nesi wa zamani, Mlugbara wa njia ya Inde. Mrefu, mpole, mpenda karanga. Mwanzoni mwangu aliniona nikimhoji askari mstaafu. Mzee wa watu amekaa, upande huu mke wake, upande huu imamu wa mtaa wao, na mimi nimesimama mbele yake na sauti yangu ya chuo: "Mzee, unatumia dawa zozote?" Mzee akasema astaghfirullah. Imamu akasema astaghfirullah. Nikaandika hapana, nikaondoka nimeridhika.

Onzima alicheka mpaka karanga zikampalia. Akaniambia, "Mtoto, umemuuliza mtu kama ni mlevi mbele ya imamu wake. Ulitaka ajibu nini?" Halafu akawaambia wale ndugu waende nyumbani walete kila kitu ambacho mtu wa nyumba ile huwa anameza, cha mkubwa, cha mdogo, kilichoisha na kisichoisha, wasichague. Wakarudi na kaveera, mfuko wa plastiki, umejaa. Dawa ya presha ya kaka yake. Dawa ya malaria iliyoishia katikati. Vidonge vya usingizi vimefungwa kwenye gazeti, havina jina. Na chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi.

"Hii ya mbuzi nani anakunywa?" Onzima akauliza.

"Mbuzi," akajibu mke.

"Yuko wapi mbuzi?"

"Alikufa kabla ya kumaliza."

"Na iliyobaki?"

Mzee akaangalia dari. Mpaka leo nikiona mbuzi anakohoa namkumbuka.

Kwa hiyo msimuulize mtu anatumia nini. Ameacha jana, atakuambia hatumii, na hajasema uongo. Muulizeni alimeza nini, alipewa na nani, na aliacha lini. Hilo la mwisho msilisahau, ndilo lenye meno, na nitawaeleza kwa nini.

Kitu kingine nilijifunza kwa dereva wa lori mmoja wa njia ya Oraba. Nilimkuta kwenye bomba la maji, akaniambia mwenyewe bila kuulizwa kwamba ukishavuka mpaka pale Kaya hulali, kwa hiyo kuna vidonge wanavyomeza ili macho yasifunge, naye alivimeza mpaka akaanza kuona watu barabarani wasiokuwepo. Mimi mbio kwa daktari! Nimebeba neno langu kama kuku wa sikukuu. Daktari akamwita yule dereva, mke wake amekaa hapo, akamuuliza. Dereva akanitazama machoni akasema, "Sista hapana sikia vizuri." Jioni hiyohiyo akachukua viatu vyake akaenda zake.

Onzima hakunigombeza. Alisema tu, "Neno la mgonjwa ni sufuria ya moto. Mwache aibebe mwenyewe. Wewe mshikie mlango."

Basi. Sasa niwaambie habari ya Zaituna, maana ndiyo mnayoitaka, najua mmeisikia nusunusu huko kwenye chai.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini. Mambo yalikuwa yamebadilika. Zamani daktari wa akili alikuwa mgeni, anakuja anaondoka, nasi tunamsubiri kama mvua. Sasa tulikuwa na wetu wa kukaa, Daktari Ayikoru, mtoto wa hapahapa, mdogo wa umbo, ananifika begani, lakini haondoki kwenye kitanda mpaka ameelewa. Na dawa nazo zilibadilika. Zamani ukitaka kidonge unamtafuta mwenye duka la dawa, mtu unayemjua. Siku hizi kidonge kinauzwa pembeni ya nyanya na sabuni, kimetoka upande huu wa mpaka au ule, hata muuzaji hajui jina lake. Anajua kazi yake tu. Hiki cha mgongo. Hiki cha usingizi. Hiki cha mashavu.

Hicho cha mashavu mnakijua, msijifanye. Msichana anameza, uso unajaa, unang'aa, mtaa mzima unasema ashanenepa huyo.

Sisi Wanubi tuna mambo yetu ya bibi harusi. Anafungiwa ndani kabla ya harusi, hapigwi na jua. Anasuguliwa dilka, ule unga wa manukato tunaosugulia mwili, anafukizwa moshi wa kuni za harufu, analishwa maziwa, nyama, uji, mpaka siku ya kutolewa watu wanashika mdomo. Ni kazi ya mashangazi. Na yanayofanyika chumba kile hayatoki nje ya chumba kile. Hata mama mzazi hasimuliwi yote. Mimi mwenyewe nilipita humo, na yangu sijawahi kumwambia mtu, wala nyinyi siwaambii.

Zaituna aliletwa kutoka Koboko harusi yake haijamaliza hata mwezi. Alikuwa ameolewa vizuri, nyumba ya watu wanaojulikana. Mama mkwe wake, Hajati, ndiye aliyemleta. Mwanamke wa heshima zake, anatembea taratibu, akiingia mahali watu wanavuta viti. Mume alikuwa njiani na biashara, hakuwepo.

"Sista," Hajati akaniambia, "huyu mutoto walituletea mugonjwa."

Walivyoeleza, bibi harusi alianza kwa kutolala. Anafagia uwanja alfajiri, anafua nguo ambazo hazijavaliwa, anaongea, anaongea, hapumui. Akasema malori ya Oraba yanamwita kwa jina. Mashekhe wakamsomea. Baadaye ghafla akazima. Akawa anatapika, anaanguka akisimama, analia bila sauti. Wazee wa upande wa mume walikuwa wamekwisha kusema neno lao: ukoo ule una wazimu, wametufichia. Wangekaa Ijumaa, na kama hospitali itasema ni wazimu, msichana arudishwe kwao. Mnajua maana yake? Si yeye peke yake. Alikuwa na wadogo zake watatu wa kike nyumbani. Nani angebisha hodi tena kwenye mlango ule?

Daktari Ayikoru alimpima, akamgusa mikono, akamtazama uso muda mrefu. Mashavu yamejaa duara kama mandazi, na mikono myembamba kama ya mtoto wa shule. Presha iko chini. Akauliza taratibu, kwa Kiswahili chetu cha huku, "Zaituna, kabla ya kuugua, kuna dawa yoyote ulimeza ambayo hukuandikiwa na daktari? Hata kama umeacha?"

Hajati akajibu. "Huyu? Hata panado hapana meza."

"Nimemuuliza Zaituna, mama."

Zaituna akatikisa kichwa. Hapana.

Daktari hakukasirika. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Sawa. Lakini nisikilize. Ukiniambia hapana, nitaandika hapana, na nitatibu mtu ambaye hakumeza kitu. Kama mtu huyo si wewe, dawa yangu itampata mwingine."

Msichana akageukia ukutani.

Nje kwenye korido daktari akaniambia, "Mama Kaltuma, uso ule haukujazwa na maziwa. Na huyu hawezi kusubiri. Wewe ni mtu wa kwao. Nifanyeje?"

"Nipe kitana," nikasema.

Hiyo nayo ilikuwa ya Mzee Onzima, ingawa yeye alikuwa akimenya karanga na wagonjwa wake. Mtu ukimkalia mbele anaona macho yako, anaona aibu. Ukikaa nyuma yake mikono yenu ikiwa na kazi, anaongea na hewa. Kwa hiyo baada ya chakula cha mchana, Hajati alipokwenda kuswali, nilimweka Zaituna kwenye mkeka barazani, kichwa kati ya magoti yangu, nikaanza kumsuka. Nywele zilikuwa zimejifunga, maskini. Sikuuliza kitu. Nilisuka tu, nikilalamika juu ya magoti yangu.

Tulikuwa tumefika katikati ya kichwa aliposema, "Haboba." Ndivyo tunavyoita bibi kwa Kinubi. Nikajua kumekucha.

"Naam, mwanangu."

"Kitu ukikiacha, bado ni dhambi kukisema?"

"Kitu gani?"

"Shangazi aliniapisha. Nilishika Msahafu."

Mikono yangu ilitaka kusimama. Nikailazimisha iendelee. Akaeleza. Vidonge vya mashavu, vya aina mbili, vimefungwa pamoja kwenye karatasi. Shangazi yake alivinunua sokoni, akampa tangu siku ya kwanza ya kufungiwa ndani, akamwongezea, akamwongezea tena, maana harusi ilikuwa inakaribia na mwili haujajaa. Akaenda navyo kwa mume vimeshonwa kwenye mto. Vikaisha. Bibi harusi mpya hatoki nje kwenda sokoni, na nani atamtuma? Akaacha siku moja, ghafla.

"Lakini sasa hapana meza tena, haboba. Ilipita. Kwa nini daktari anataka kujua kitu ilipita?"

Hapo nilisikia hasira, nawaambia ukweli. Si kwake. Hasira ya mtu aliyechoka. Miaka yote ile, na bado tunakufa kwa heshima. Nilimfunga msuko wa mwisho nikamgeuza anitazame.

"Sikiliza. Kilichopita ndicho kinachokuangusha. Shangazi yako alikuapisha usiaibike. Hakukuapisha ufe."

"Sema wewe basi. Mwambie wewe."

"Mimi sitasema. Nikisema mimi, kesho mama mkwe wako atakutazama utakana, nami nitakuwa mzee mwongo. Utasema kwa mdomo wako, nami nitakaa hapo. Lakini na hili lisikie: kama jua litazama hujasema, basi nitasema, na unikane ukitaka. Sitakuosha maiti kwa ajili ya mashavu."

Alilia. Nami nilimwacha alie, maana machozi hayana dawa nyingine. Halafu akaniomba nimsimamishe.

Tulipofika chumba cha daktari, Hajati alikuwa amekwisha kurudi na kukaa, tasbihi mkononi. Daktari akasimama kwa adabu. "Hajati, naomba unipe nafasi kidogo na mgonjwa wangu."

"Mimi ndiyo mama yake hapa. Naenda wapi?"

"Anayoniambia ni yake. Nje hayatoki mpaka aseme mwenyewe."

"Kama iko kitu ya ukoo wao, sisi lazima tujue."

Nilimwona daktari akivuta pumzi. Alikuwa anatafuta neno la kumtoa mwanamke yule bila kumvunjia heshima, na neno kama hilo, kwetu, halipo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kutafuta uongo wa kwamba kuna mtu anamwita nje. Ndipo Zaituna, akishikilia meza ili asianguke, akasema, "Wacha akae. Wacha asikie."

Akakaa. Akasema yote, macho kwenye sakafu. Vidonge, sokoni, mto. Shangazi hakumtaja kwa jina, alisema "mutu yangu" tu. Daktari aliuliza vilionekanaje, alimeza kwa muda gani, aliacha lini. Hakuuliza, "Kwa nini ulifanya hivyo?" Hata mara moja. Jifunzeni hilo.

Hajati ndiye aliyeuliza. "Kwa nini, mutoto? Nani alikuambia uko mubaya?"

Zaituna akainua uso kwa mara ya kwanza. "Mama, siku mulikuja kuposa. Nilileta chai. Mulisema na watu, huyu ni ufito, mtoto wangu atalala na mifupa. Watu wote walicheka. Shangazi alicheka pia. Usiku alilia."

Nilisikia tasbihi ya Hajati ikisimama.

Mimi nimewaona watu wengi wakiambiwa ukweli kwenye chumba kile. Wengine wanapiga kelele, wengine wanadai ni jini ndilo linaloongea. Nilimwangalia Hajati nikingoja asimame, atoke, ampigie simu mwanawe, na Ijumaa yao iwe Ijumaa. Akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Daktari," akasema, "andika. Andika mimi ndiyo nilisema."

"Hapa hatuandiki makosa, mama," daktari akamjibu polepole. "Tunaandika dawa."

Akawaeleza wote wawili, kwa maneno ambayo hata mimi niliyaiba nikawa nayatumia. Vidonge vile, alisema, vina kitu ambacho mwili wako hujitengenezea wenyewe, kidogo kidogo. Ukikileta kwa wingi kutoka sokoni, mwili unasema basi, kama naletewa, mimi napumzika. Kichwa nacho kinachemka, usingizi unakimbia. Ukiacha ghafla, mwili bado umelala. Ndiyo maana unaanguka. Kwa hiyo atampa dawa hiyohiyo tena, ya hospitali, iliyopimwa, kisha waipunguze pole pole huku mwili ukiamka. Dawa ya kichwa itakuwa ya muda mfupi. Akamgeukia Hajati: "Na kuhusu ukoo, sioni sababu ya kuulaumu ukoo wa mtu."

Alipona. Haikuwa rahisi, msinielewe vibaya. Kulikuwa na siku za kutapika, na siku alizotuita sote wachawi. Shangazi yake alikuja mara moja, akasimama mlangoni akishindwa kuingia, mpaka Zaituna akamwita. Mashavu yalishuka. Ule mng'ao ukaondoka. Akabaki yule ufito waliyemkuta siku ya chai. Hajati alilala sakafuni pembeni ya kitanda chake kipindi chote, na Ijumaa ya wazee ilipita yeye akiwa wodini anapuliza uji.

Sasa msije mkasema Sista Kaltuma anasema ukweli unaponya kila mtu. Hapana. Yule dereva sikumwona tena. Wapo waliosema ukweli wakarudishwa kwao hivyohivyo. Wapo waliousema wamechelewa, nami nikawafunika shuka. Nawaambia tu kwamba daktari hawezi kutibu mtu ambaye hajaambiwa yupo, na kwamba kazi yenu, kubwa kuliko sindano, ni kumfanya mtu asiogope kusema alichomeza. Mtachoka. Mimi nimechoka mpaka leo.

Baada ya kustaafu nilikwenda Koboko kwenye maziko ya binamu yangu. Nikapita sokoni asubuhi, jua kali, watu wamejaa. Nikawaona. Hajati amemshika Zaituna mkono, mkono kwa mkono kama watoto wa shule, wanatembea katikati ya soko taratibu kwa mwendo wake ule wa watu kuvuta viti. Angeweza kupita njia ya nyuma. Hawakuniona. Wakafika kwenye kibanda cha sabuni na nyanya na vidonge, na mwenye kibanda, mwanamke mwenye mdomo, akaita kwa sauti ili majirani wasikie:

"Eh, Hajati! Mukwe yako amekonda!"

Hajati akasimama. Hakuuachia ule mkono.

"Ndiyo," akasema. "Amekonda. Iko muzima."